Shilingi 25 kwa Siku: Gharama ya Kumwachia Chura Nafasi katika Nchi ya Chai

Mteremko wa chai wa Kericho au Bomet una umbo ambalo kila mkazi analijua. Juu ni barabara na kituo cha kununulia majani. Katikati ni chai. Chini kabisa, mahali mteremko mmoja unapokutana na mwingine, ni kijito. Kati ya mstari wa mwisho wa chai na maji kuna kipande cha ardhi chenye matope, matete na nyasi ndefu, na hapo ndipo vyura walipo. Kila mkulima anayeongeza mstari mmoja wa miche kuelekea chini hukipunguza.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 zilikipa kipande hicho kipimo: kando ya mto iachwe ardhi isiyopungua mita 6 na isiyozidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto wenyewe. Vijito vingi vya mashamba madogo ni vyembamba, kwa hiyo kipimo kinachowahusu wakulima wengi ni kile cha chini, yaani mita 6. Makala haya yanauliza swali moja la fedha: mita 6 hizo zinamgharimu nani, na kiasi gani?

Tuchukue shamba la eka moja lenye upande wa mita 60 unaogusa kijito. Mita 60 mara 6 ni mita za mraba 360. Eka ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ukanda huo ni karibu asilimia 9 ya shamba. Kwa nafasi ya upandaji iliyozoeleka, futi nne kwa futi mbili na nusu, hekta moja hubeba mashina kama 10,766, na katika ukanda wetu yangeenea mashina 388. Shamba la mkulima mdogo linalotunzwa vizuri linaweza kutoa kama kilo 4,000 za majani mabichi kwa eka kwa mwaka, ambazo ni chini kidogo ya kilo moja kwa shina. Ukanda ungetoa kilo 356.

Sasa bei. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka hubadilika, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wanajua kwa uchungu jinsi bonasi yao inavyoachwa nyuma na ya wenzao wa mashariki. Kwa ajili ya hesabu, nachukua jumla ya shilingi 40 kwa kilo. Kilo 356 ni shilingi 14,240. Toa ujira wa kuchuma, tuseme shilingi 10 kwa kilo, ambao ni 3,560. Toa mbolea: mfuko wa kilo 50 unatosha mashina 700, hivyo mashina 388 yanahitaji zaidi kidogo ya nusu mfuko, na kwa bei ya shilingi 2,500 kwa mfuko hiyo ni kama 1,390. Zinabaki shilingi 9,290 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365, unapata shilingi 25.

Msomaji mwenye shamba anaweza kuweka bei zake mwenyewe na kupata 18 au 35. Ukubwa wa jambo haubadiliki. Shilingi 9,290 ni fedha nyingi kwa familia inayoishi kwa eka moja, kwa kuwa zinaweza kuwa karo au dawa, na yeyote anayemwambia mkulima huyo kwamba ulinzi wa mazingira hauna gharama hamheshimu. Kwa sekta nzima, hata hivyo, ni fedha ndogo mno. Nitarudi kwenye pengo hilo baada ya kuonyesha fedha hizo zinanunua nini.

Kenya ina zaidi ya spishi 100 za amfibia, na Tanzania ina zaidi ya 200. Duniani zimeelezwa zaidi ya 8,700, na karibu tisa katika kila kumi ni vyura wa aina moja au nyingine. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya makundi makuu ni machache, lakini kila kundi lina njia yake ya kuishi, na tofauti hizo ndizo zinazoamua nani atahimili shamba na nani atatoweka.

Anayejulikana zaidi kwa sauti ni chura wa matete, wa jenasi Hyperolius. Ni mdogo, sentimita mbili au tatu tu, ana ngozi laini, na rangi zake hubadilika sana kutoka eneo hadi eneo, wengine wakiwa na mistari, wengine madoa. Dume hupanda juu ya tete au jani la nduma baada ya giza kuingia, hujaza hewa kifuko cha koo chenye upana wa karibu nusu ya mwili wake, kisha huita. Kuita ni kazi nzito kuliko zote anazozifanya. Hutumia nguvu mara nyingi zaidi kuliko anapopumzika, na usiku anaoita mara nyingi hali kitu. Majike huwafuata wanaoita kwa muda mrefu na kwa kasi, kwa hiyo bwawa lenye kelele nyingi ni soko lenye ushindani mkali. Mwaka 1989 watafiti Grafe na Linsenmair waliripoti kwamba baadhi ya majike wa spishi Hyperolius viridiflavus waliofugwa maabara waligeuka kuwa madume yenye uwezo wa kuzalisha. Ni miongoni mwa taarifa za ajabu kabisa katika elimu ya vyura, na anayehusika ni jamaa wa huyu tunayemsikia karibu na jikoni.

Chura wa jenasi Kassina huruka mara chache. Hutembea na kukimbia, na sauti yake ni kama tone zito la maji linaloangukia mtungi. Huanza kuita jua likielekea kuzama, mbali na maji, kisha husogea karibu giza linapozidi. Vyura wa madimbwi, Phrynobatrachus, ni wadogo na wenye rangi ya matope, na wengi wao hutaga mayai yanayotandazika juu ya maji kama utando mwembamba. Chura mwenye kucha, Xenopus, hana ulimi kabisa. Huishi ndani ya maji karibu maisha yake yote, hujisukumia chakula kinywani kwa mikono, na usiku wa mvua kubwa huvuka nchi kavu kutoka bwawa moja hadi jingine. Vyura wenye ngozi ya vinundu, wa jenasi Sclerophrys, hutaga mayai kwa maelfu katika nyuzi ndefu za ute zilizozungushwa kwenye majani ya majini.

Kisha kuna chura wa mtoni, Amietia, ambaye nadhani ndiye wa kutazamwa kwa makini kuliko wote katika nchi ya chai. Ana miguu mirefu, hukaa ukingoni mwa kijito chenye maji safi, na akishtushwa hurukia majini mara moja. Viluwiluwi wake hukua wakubwa na hukua polepole. Katika maji baridi ya milimani hukaa miezi mingi kabla ya kuota miguu. Chura wa matete anahitaji dimbwi la wiki chache tu, ilhali chura wa mtoni anahitaji kijito kisichokauka na kisichochafuliwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya Kericho, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka na kugawanyika vizuri katika miezi, inampa nafasi hiyo. Kinachoweza kumnyima ni yale yanayofanyika ukingoni.

Miongoni mwa Wanandi, ndugu na majirani wa Wakipsigis, ukoo wa Kipkenda una nyuki na chura kuwa wanyama wake. Chura, mororochet, hakuwa mgeni wala uchafu katika nchi hii kabla ya chai kuja. Chai yenyewe ina karne moja tu hapa: makampuni makubwa yalianza kupanda kwa biashara Kericho katikati ya miaka ya 1920.

Kwa nini mita 6 ziwe na uzito? Jibu limo katika hesabu ya mayai. Chukua jike wa matete anayetaga mayai 400 katika maisha yake. Ili idadi ya vyura isipungue wala kuongezeka, katika hayo 400 wawili tu wanatakiwa kufika utu uzima na kuzaa: mmoja mahali pa mama, mmoja mahali pa baba. Yaani mayai na viluwiluwi 398 wanakufa hata mambo yakiwa mazuri. Huliwa na mabuu ya kereng'ende, ndege, nyoka na vyura wenzao. Kiwango cha kuishi ni nusu asilimia.

Sasa tuseme kitu kidogo kinaongezeka, mbolea iliyosombwa na mvua au dimbwi lililokauka wiki moja mapema, na kati ya wale wawili anabaki mmoja. Vifo vimepanda kutoka asilimia 99.5 hadi 99.75. Hakuna mtu atakayeona tofauti hiyo akitazama dimbwi, kwa sababu viluwiluwi bado ni wengi. Lakini kila kizazi ni nusu ya kilichotangulia. Vyura 1,000 wanakuwa 500, 250, 125, na baada ya vizazi kumi anabaki mmoja. Kwa spishi inayozaa mwaka unaofuata baada ya kuzaliwa, hiyo ni miaka kumi, muda ambao mtoto anaingia darasa la kwanza na kufika shule ya upili akiwa amesikia bwawa likinyamaza bila kugundua ni lini.

Mbolea nayo ina hesabu yake. Mbolea ya chai ya NPK iliyozoeleka Kenya ina asilimia 26 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni. Kwa mashina 700 kwa mfuko, hekta moja hupata kilo 200 kwa mwaka. Katika ukanda wetu wa mita 6 kwa 60, ungepandwa chai, kilo 7 na ushei za naitrojeni zingemwagwa hatua chache kutoka majini, juu ya mteremko, katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila alasiri. Tuliongeze hilo kwa kilomita moja ya kijito, kingo zote mbili: kilo 240 kila mwaka. Si zote zinazofika majini, maana chai hunywa sehemu kubwa. Lakini kiluwiluwi hupumua na kunywa kwa ngozi na matamvua. Majaribio ya maabara huko Amerika Kaskazini yameonyesha kwamba viluwiluwi wa spishi kadhaa hudhoofika au kufa katika maji yenye naitrati kwa viwango ambavyo bado vinaruhusiwa kwa maji ya kunywa ya binadamu.

Dawa za magugu ni jambo jingine. Hapa nchi ya chai ina sifa ambayo ni haki kuitaja: chai ya Kenya ina wadudu waharibifu wachache, na dawa za kuua wadudu karibu hazitumiki mashambani. Dawa ya magugu yenye glaifoseti ndiyo inayotumika, hasa kwenye chai changa au baada ya kupogoa. Mwaka 2005 Rick Relyea wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliripoti kwamba dawa ya aina hiyo, ikinyunyizwa juu ya mabwawa ya majaribio, iliua kati ya asilimia 96 na 100 ya viluwiluwi katika wiki tatu. Kipimo chake kililingana na kunyunyiza moja kwa moja juu ya maji, na baadhi ya watafiti walisema ni kikubwa kuliko hali ya kawaida shambani. Nakubali. Lakini mtu anayebeba pampu mgongoni na kusafisha magugu hadi ukingoni hunyunyiza moja kwa moja juu ya maji. Umbali wa mita 6 unaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo bila kumpiga mtu marufuku kutumia dawa yake.

Sijasema lolote kuhusu mkaratusi, na nchi nzima ina maoni juu yake. Viwanda vya chai hukausha majani kwa mvuke wa kuni, na mkaratusi hukua haraka kuliko mti mwingine wowote unaopatikana kwa urahisi. Tatizo ni mahali unapopandwa. Bonde la majimaji halifai chai, kwa hiyo ndilo linaloonekana kuwa ardhi ya bure, na mkaratusi hupandwa humo ili kulikausha. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito na vyanzo vya maji. Agizo hilo lilikuwa sahihi, lakini halikumpa mkulima mbadala wa kuni wala wa kipato, na mingi ya miti hiyo ingali imesimama. Kwa chura, hata mahindi ya msimu mmoja si mabaya kama bonde lililokaushwa, kwa sababu mahindi yakivunwa maji hurudi. Nduma ni bora zaidi: hutaka udongo wenye maji, huuzwa sokoni mwaka mzima, na majani yake mapana ndiyo jukwaa la chura wa matete. Mkulima mwenye bonde la majimaji juu ya ukanda wa mto hana haja ya kulikausha ili lilipe.

Mabwawa ya samaki yanastahili mistari michache. Katika mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009, serikali ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300 na vifaranga 1,000 wa samaki. Hayo ni mabwawa 28,000. Bwawa lenye kambare na perege wengi haliwezi kulea viluwiluwi, kwani huliwa wote. Mengi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye, na pale yaliposhika maji ya mvua bila samaki, spishi zinazotaga mahali popote penye maji zilipata malezi mapya kwa gharama ya sifuri. Anayetaka kufukia bwawa la namna hiyo afikirie kwanza kama ardhi hiyo anaihitaji kweli.

Mashamba makubwa, yenye mabwawa yake ya umeme na ya maji, yana nafasi kubwa zaidi ya kufanya jambo kwa urahisi. Chagaik, karibu na mji wa Kericho, kuna bwawa na bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai Tom Grumbley, na hadi leo ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama jioni akasikia zaidi ya sauti moja ya chura. Ardhi hiyo haikuzalisha chai kwa miongo mingi, wala kampuni haikufilisika kwa sababu yake.

Hata hivyo, mita 6 haziwezi kila kitu. Msitu wa Mau, unaopakana na chai ya Kericho na Bomet upande wa mashariki, una eneo la karibu hekta 400,000 na ni chanzo cha mito mikubwa 12, miongoni mwake Sondu, na pia Nyangores na Amala zinazounda Mara. Kikosi kazi cha serikali kiliripoti mwaka 2009 kwamba karibu robo ya msitu huo, zaidi ya hekta 107,000, ilikuwa imepotea katika miaka 15 hivi. Katika Mau Kusini-Magharibi peke yake, zaidi ya hekta 22,000 zilitolewa kwenye hifadhi mwaka 2001. Linganisha: kilomita 1,000 za vijito, kingo zote mbili, kwa mita 6, ni hekta 1,200. Ni kama asilimia moja ya kilichopotea msituni.

Kwa hiyo ukanda wa mto haufidii msitu. Vyura wa msituni kabisa hawaishi nje ya kivuli. Mfano mzuri uko Taita, ambako chura Callulina dawida, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2009, hupatikana tu katika vipande vya msitu wa asili vilivyobaki juu ya vilima, ilhali amfibia mwingine wa huko, Boulengerula taitana asiye na miguu, huchimba udongo wa mashamba ya wakulima bila shida. Milima ileile, binadamu walewale, lakini mmoja anaweza kuishi nasi na mwingine hawezi. Kazi ya ukanda wa mto katika nchi ya chai ni kwa wale wanaoweza kuishi nasi, na kuwaunganisha: chura wa mtoni akiwa na kingo zenye nyasi kutoka msituni hadi Sotik, watoto wake wanaweza kujaza tena kijito kilichokufa kwa sumu ya msimu mmoja. Bila kingo hizo, kila kijito kinajitegemea hadi kinapokosa bahati.

Tusidhani pia kwamba tunajua wote waliopo. Mwaka 2015 juu ya Mlima Kenya, mlima uliochunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya karne, alipatikana chura mmoja, jike, wa jenasi isiyojulikana kabisa. Mwaka 2023 akapewa jina Kenyaphrynoides vulcani na kundi lililowahusisha Patrick Malonza na Domnick Wasonga wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kinyume chake, upande wa magharibi, chura wa maporomoko wa Mlima Elgon, Arthroleptides dutoiti, hajaonekana tangu mwaka 1962. Mmoja ameingia kwenye orodha kwa sampuli moja. Mwingine anakaribia kutoka bila mtu aliyekuwepo kushuhudia.

Picha ya dunia ni mbaya kuliko ya kundi lolote la wanyama wenye uti wa mgongo. Tathmini ya pili ya amfibia, iliyochapishwa mwaka 2023, ilichunguza spishi 8,011 na kukuta asilimia 40.7 ziko hatarini kutoweka. Uharibifu wa makazi uliwagusa asilimia 93 ya walio hatarini. Kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye hushambulia ngozi ambayo chura huitumia kupumua na kunywa, amehusishwa na kupungua kwa spishi 501 na kutoweka kwa 90, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2019. Kenya kuvu huyo yupo kila mahali: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulimkuta kwa karibu theluthi ya vyura waliopimwa, na walionekana wazima. Hiyo ni habari njema yenye masharti. Chura anayebeba kuvu na kuishi naye ni kama deni lisilodaiwa, na makazi yakiharibika au joto likibadilika, deni linaweza kuitwa.

Kuna wanaouliza: chura anatulipa nini? Kwa chai yenyewe, kidogo, kwa sababu kama nilivyosema wadudu wa chai ni wachache, na sitapamba hesabu. Lakini Kericho ina historia ya malaria ya milimani inayojulikana duniani kote. Kumbukumbu za hospitali za mashamba ya chai, zinazoanza mwaka 1966, zilitumiwa na watafiti kwa miongo kujadili kwa nini malaria iliongezeka tena mwishoni mwa karne. Mwaka 2022 kundi la wachumi na wanabiolojia lilionyesha kwamba huko Costa Rica na Panama, baada ya kuvu kuangamiza vyura, malaria iliongezeka kwa takriban mgonjwa mmoja kwa kila watu 1,000 kwa mwaka katika maeneo yaliyoathirika zaidi, na hali hiyo ilidumu miaka kadhaa. Viluwiluwi hushindana na mabuu ya mbu kwa chakula, na wengine huwala. Panama si Bomet, wala mbu wake si wetu. Siweki shilingi yoyote kwenye jedwali kwa ajili ya hilo. Nasema tu kwamba kaunti yenye historia kama hii haina sababu ya kulifanyia jaribio.

Gharama ya kuchelewa, hata hivyo, tunaijua kwa fedha halisi, na mfano uko jirani. Katika korongo la Kihansi, Tanzania, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo Nectophrynoides asperginis, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na aliyeishi katika eneo la hekta chache tu lililolowanishwa na rasharasha za maporomoko. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi kikamilifu mwaka 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji yaligeuzwa njia. Vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa. Vinyunyizio vikawekwa korongoni, na Juni 2003 walihesabiwa karibu 21,000. Januari 2004 walioonekana au kusikika walikuwa watano tu. Mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 waliozaliwa kifungoni wakaanza kurudishwa. Mradi wa mazingira wa Kihansi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulianza na zaidi ya dola milioni 6. Kwa hekta chache.

Sasa turudi kwa mkulima wetu na shilingi zake 9,290. Kwa sheria ilivyo, gharama yote ni yake. Jirani yake wa juu, asiyegusa kijito, halipi kitu lakini anakunywa maji yaleyale. Kiwanda kinahitaji maji safi, hakilipi. Mnywaji wa chai wa Pakistani au Uingereza halipi. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa ulinzi wa kando ya mito: bei ni ndogo, lakini imebebeshwa mtu mmoja, na aliye maskini kuliko wote katika mnyororo.

Chukua kiwanda cha wakulima wadogo kinachopokea kilo milioni 15 za majani mabichi kwa mwaka. Kikitenga senti 10 kwa kila kilo, kinapata shilingi milioni 1.5. Ukizigawa kwa 9,290, unawafidia wakulima 161, na kwa mita 60 kila mmoja hizo ni karibu kilomita 9.7 za ukingo, au kilomita 4.8 za kijito kwa pande zote mbili. Kwa senti 30, ambazo mkulima wa kilo 4,000 angezihisi kama shilingi 1,200 kwa mwaka, kiwanda kinalinda zaidi ya kilomita 14 za kijito. Na kama mnunuzi ndiye atakayelipa: kilo nne na nusu za majani hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo senti 10 zinakuwa senti 45 kwa kilo inayouzwa. Kilo moja hutengeneza vikombe kama 500. Shilingi moja ya ziada ingegawanywa kwa vikombe zaidi ya 1,100. Kenya ilizalisha zaidi ya kilo milioni 570 za chai mwaka 2023.

Fedha hizo zitolewe kwa masharti gani? Kuna wazo linalopendwa na wafadhili, la kumlipa mkulima kulingana na idadi ya vyura. Nalipinga. Idadi ya vyura hupanda na kushuka na mvua, na mwaka wa ukame mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa angeadhibiwa. Alipwe kwa kitu anachokimiliki: mita 6 zisizolimwa, zisizopandwa mkaratusi, zisizonyunyiziwa dawa, zikipimwa kutoka alama ya juu ya mafuriko na si kutoka maji ya Januari. Nyasi za ukanda huo akate kwa zamu alishie ng'ombe wake.

Vyura wenyewe wahesabiwe kwa masikio, kando na malipo. Vijana wanne wenye tochi, mabuti na simu za kurekodia, wakilipwa shilingi 1,000 kila mmoja kwa usiku, wakienda vijito vitano, kila kimoja usiku tatu katika msimu wa mvua ndefu na usiku tatu katika mvua fupi, wanagharimu shilingi 120,000 kwa mwaka. Ni asilimia 8 ya zile milioni 1.5. Mabuti yaoshwe na kukaushwa kabla ya kuhama kijito, ili wasibebe kuvu. Rekodi zipelekwe Makumbusho ya Taifa, ambako kuna watu wanaoweza kutofautisha sauti hizo. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima wenyewe, na pendekezo la senti 10 linaweza kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka na mwanahisa yeyote aliye tayari kusimama na kulitetea.